Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Diwani Anayegombea Ubunge wa Maine: Rudisha Kadi Zetu

Mheshimiwa Diwani na Wakili,

Salaam, na pole kwa shughuli za kampeni. Sisi ni wakalimani wa kujitolea na wazee wa jumuiya ya wazungumzaji wa Kiswahili hapa jimbo la Maine, Marekani: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wakenya wachache. Tunakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Wewe mwenyewe ulitangaza kwamba timu yako ina mkalimani wa Kiswahili, basi leo apate kazi.

Jumapili iliyopita, watu wakitoka ibadani, vijana wako wawili walisimama mlangoni na karatasi za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa fomu ya mchango wa dola 5. Ya pili ilikuwa kadi ya kujiandikisha kupiga kura. Watu walipanga foleni kwa heshima, kama tulivyofundishwa kupanga foleni tangu kambini, wakatoa dola 5 na kutia sahihi kote kote. Wengi wao si raia wa Marekani. Hakuna aliyewauliza.

Wewe ni wakili, kwa hiyo hatutakufundisha sheria. Tutawaeleza wasomaji wengine, na wewe utusahihishe tukikosea.

Maine ina utaratibu wa uchaguzi safi uliopitishwa na wapiga kura mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2000. Mgombea anayeufuata hachukui fedha za matajiri. Kampeni yake inalipiwa na mfuko wa umma. Lakini kwanza athibitishe kwamba ana watu. Kiti cha Baraza la Wawakilishi kinadai michango 60 ya dola 5, na kiti cha Seneti kinadai 175, yote iwe imefika ifikapo Aprili 20. Kila mchangiaji lazima awe mpiga kura aliyeandikishwa katika eneo hilo hilo, atoe fedha zake mwenyewe, na atie sahihi. Karani wa mji huhakiki majina. Jina lisipokuwa kwenye daftari la wapiga kura, zile dola 5 hazihesabiki.

Hapo ndipo tunapodhani shida ilianzia. Kijana wa kampeni ana shabaha ya kufikisha majina 60. Akikutana na mama aliye tayari kutoa dola 5 lakini hajaandikishwa, anaona amepoteza jina. Dawa yake ni kubeba kadi za kujiandikisha pamoja na fomu za michango, ili aliyekosa hiki apewe na kile. Kwa mtaa wenye raia watupu, huo ni ujanja mzuri wala si kosa. Mlangoni mwa kanisa letu ni janga. Na halitaishia Aprili, kwa sababu mgombea akishafuzu huruhusiwa kuongeza fedha kwa kila michango 15 ya ziada, hadi mara 8. Vijana wako watarudi.

Swali la kwanza kabisa kwenye kadi ile ni kama wewe ni raia wa Marekani, Ndiyo au Hapana, na aliyejibu Hapana anaambiwa asiendelee kujaza. Mtoto wa mmoja wa waliosaini aliipiga picha kadi ya mama yake kabla haijachukuliwa. Tumeitazama. Sahihi ya mama ni ya wino mweusi, imeandikwa polepole, herufi moja moja. Alama iliyo kwenye kisanduku cha Ndiyo ni ya wino wa bluu, ni mchoro mmoja wa haraka, sawa na mwandiko uliojaza jina la mtaa na namba ya posta. Mama anasema alipewa kadi ikiwa imeshajazwa, akaonyeshwa mstari wa kusaini.

Kuna wanaosema ofisi ya mji itaikataa tu. Haitaikataa. Kadi inaomba namba ya leseni ya udereva au tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii. Mwomba hifadhi mwenye kibali cha kazi anaweza kuwa nazo zote mbili, kihalali. Namba hizo zinathibitisha mtu ni nani. Uraia hazisemi lolote. Kwa hiyo jina linaingia, na siku moja bahasha ya uchaguzi inafika nyumbani, na mtu anaamini kabisa kwamba ameruhusiwa kupiga kura kwa kuwa serikali yenyewe imemwandikia.

Tangu sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996, kujidai raia ili kupata haki ya raia ni sababu ya kufukuzwa nchini na ya kunyimwa kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu. Mkimbizi anayeomba kadi ya kijani kwa mara ya kwanza bado ana mlango mwembamba wa kuomba msamaha. Anayeomba kupitia mume au mke hana hata huo. Mwaka 2019 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua kwamba mtu anaweza kufukuzwa kwa kosa hili hata kama hakujua kwamba anachodai ni uongo. Kupiga kura ukiwa si raia ni kosa jingine, la jinai, lenye kifungo. Na fomu ya N-400 ya kuomba uraia inauliza waziwazi: umewahi kujidai raia, umewahi kujiandikisha kupiga kura, umewahi kupiga kura? Mtu aliyeshika kadi yako ya Jumapili atajibu nini? Akisema hapana, amedanganya chini ya kiapo. Akisema ndiyo, afisa ataomba maelezo, na maelezo yenyewe ni vijana wawili ambao hata majina yao hatuna.

Mheshimiwa, unajua mtu anafika vipi kwenye fomu hiyo. Mkimbizi huomba kadi ya kijani akitimiza mwaka mmoja, na miaka 5 ya kungoja uraia huhesabiwa tangu siku aliyotua. Kabla ya hapo alishangoja kambini miaka mingine ambayo Marekani haiihesabu. Mwomba hifadhi hajui hata tarehe ya kusikilizwa kwake. Katikati ni zamu za usiku za kutunza wazee, viwanda vya samaki, baridi, kodi ya nyumba, na madarasa ya Kiingereza saa mbili usiku baada ya kazi. Yote hayo yanaweza kukwama kwenye alama moja ya wino wa bluu. Na ikikwama, anayepigiwa simu usiku si ofisi ya kampeni yako. Ni sisi, ambao hatuna leseni ya uwakili wala jibu la kuwapa watu wanaolia.

Hizo dola 5 nazo zina kesi yake. Sheria ya nchi nzima inakataza mgeni kuchangia uchaguzi wowote, uwe wa Washington, wa jimbo au wa mji. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kuchangia wagombea wa kawaida, lakini kwa mchango wako wa kufuzu hafai kwa kuwa si mpiga kura. Mwomba hifadhi haruhusiwi kutoa hata senti, na mkimbizi ambaye bado hajapata kadi ya kijani vilevile. Kubisha milango bila malipo wanaruhusiwa, na kubeba mabango wanaruhusiwa. Hata kwenda Augusta, makao makuu ya jimbo, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge wanaruhusiwa, na hakuna anayeulizwa uraia pale. Ungewaomba hayo wangekuja wengi.

Tukiwa hapo hapo, kipeperushi chako cha Kiswahili kinawaambia watu wapange wagombea kwa upendeleo, 1, 2, 3, mwezi Novemba. Kwa kiti unachogombea, kupanga hivyo ni kwa kura ya mchujo ya Juni. Novemba, kiti cha Bunge la Maine ni alama moja tu na mwenye kura nyingi anachukua; wanaopangwa ni wagombea wa Washington. Raia wetu wapya, wale wachache wenye haki ya kukupigia, ndio utakaowachanganya. Jimbo lina viti 151 vya Baraza la Wawakilishi, kila kimoja kina watu takribani 9,000, na wanaojitokeza ni pungufu sana ya hapo. Familia chache tu zaweza kuamua kiti. Labda ndiyo maana ulikumbuka njia ya kanisani.

Pia tunakumbuka ahadi. Ulipogombea udiwani ulisema kila mkutano utakuwa na mkalimani. Tunaendelea kumsubiri kwa subira. Safari hii unasema ukifika Augusta vibali vya kazi vya waomba hifadhi vitatoka upesi. Lakini muda wa kungoja kibali umewekwa na sheria ya Washington, na ada ya kibali cha kwanza, iliyoanzia dola 550, iliwekwa na Bunge la Washington mwaka 2025. Augusta haina kalamu ya kuifuta. Mtu wa kawaida angekosea hapo tukamsamehe. Wakili?

Kwa waliosaini, wakati tukisubiri jibu: msipige kura, hata bahasha ikifika nyumbani na jina lako. Mwandikie karani wa mji barua fupi ya kuomba jina lako litolewe kwenye daftari, ukieleza kwamba si raia, kwamba hukujaza kadi mwenyewe, na tarehe uliyosaini. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Ila kabla ya kuipeleka, mwonyeshe wakili wa uhamiaji, asiwe wakili wa kampeni yoyote. Usijaze N-400 kabla ya kuonana naye. Na usiichane ile risiti ya dola 5, maana ndiyo inayoonyesha nani alikuja na siku gani.

Sasa, Mheshimiwa, tunachotaka. Vijana wasibebe tena kadi za kujiandikisha pamoja na fomu za dola 5. Wakizibeba, neno la kwanza liwe swali la uraia, kwa lugha ambayo mtu anaielewa, na kisanduku akitie alama mwenyewe. Dola 5 za wasio raia zirudishwe, na fomu zao zisihesabiwe katika zile 60. Tume ya Maadili na Taratibu za Uchaguzi iko Augusta na barua yetu kwao imeshaandikwa, hatujaituma.

Lakini hayo yote yanaweza kungoja. Jambo ambalo haliwezi kungoja ni tamko la kiapo. Kila aliyesaini apewe tamko lililotiwa sahihi na kijana aliyemjazia kadi na wewe pia kama mgombea, likisema tarehe, mahali, nani alitia alama ya Ndiyo, na kwamba mwenye kadi hakuulizwa uraia wake wala hakusomewa swali. Ukurasa mmoja unatosha. Tunajua kwa nini utasita, kwa kuwa ni kukiri. Hata hivyo, tamko lililoandikwa wiki hii lina uzito ambao tamko la miaka mitano ijayo halitakuwa nao, vijana wakiwa wameshahama na kampeni imeshafungwa. Kadi ambazo bado ziko mikononi mwenu zirudi kwa wenyewe. Kama unaona sheria inakulazimisha kuzifikisha kwa karani, basi zifike zikiwa zimeambatishwa tamko hilo.

Tamko la kiapo, Mheshimiwa. Hata ukishindwa uchaguzi, tamko. Hata ukishinda.

Mthibitishaji wa nyaraka tumeshampata. Atakuwa kwenye ukumbi wa kanisa Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi. Njoo na wale vijana wawili, na mje na kadi.

Wako katika ujenzi wa mji,
Wakalimani wa kujitolea na wazee wa jumuiya