Harambee: Watoto wa Katwe Waende Entebbe, na Wasiende Mikono Mitupu

Wazazi wetu, wazee wa vijiji, mama zetu wa sokoni, ndugu zetu wavuvi, wachimba chumvi na wafugaji, masheikh na wachungaji, nanyi vijana wetu mliotoka hapa mkatawanyika Kampala, Mbarara, Beni na kwingineko: tunawasalimu nyote kwa heshima.

Kamati ya wazazi na walimu ya shule yetu ya msingi, hapa upande wa Katwe, wilaya ya Kasese, inawaita kwenye harambee. Tunataka kuwapeleka wanafunzi 56 wa darasa la tano na la sita Entebbe, wajifunze kwa siku mbili katika Kituo cha Elimu ya Uhifadhi wa Wanyamapori, mahali ambapo wengi wetu bado tunapaita zuu. Tunahitaji shilingi milioni 8 na laki 6. Milioni 1 na laki 5 katika hizo hatutazigusa. Tutazikabidhi kituoni zikanunue chakula cha wanyama.

Mkutano wa wazazi ulipoitishwa, swali la kwanza nililoulizwa, mimi mwalimu ninayewaandikia, lilikuwa hili: "Mwalimu, tembo anamaliza mihogo yetu, kiboko anapita nyuma ya nyumba usiku, halafu unatuomba pesa za kwenda kutazama wanyama Entebbe?" Aliyeuliza ni baba ambaye hulala shambani msimu mzima wa mavuno. Ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kujibiwa vizuri.

Mtoto wa hapa amezaliwa katikati ya hifadhi ya Queen Elizabeth, lakini wanyama wake anawajua gizani. Tembo kwake ni kishindo, na madebe yanayopigwa, na sauti ya baba akipiga kelele. Simba ni habari ya ndama aliyekutwa ameliwa asubuhi. Kiboko ni jina la mtu aliyekwenda kuvua na hakurudi. Watalii hupita barabarani juu ya magari yaliyofunguliwa paa, wakakaa na simba saa nzima kwa kamera. Mtoto wetu yuko kando ya barabara na jerikeni, anaona vumbi. Hajapata hata mara moja kusimama mbele ya mnyama mkubwa akiwa salama, akamtazama usoni, akauliza maswali na kujibiwa. Mtu akimjua mwenzake kwa hasara tu, hawezi kumhukumu kwa haki. Tunawalea watoto ambao baada ya miaka kumi ndio watakaoamua kama hapa patabaki na simba au hapatabaki, na tunawalea bila kuwaonyesha simba.

Hilo la kuamua si maneno ya kutisha. Aprili 2018 simba 11 walikutwa wamekufa kwa sumu karibu na kijiji cha Hamukungu, wanane kati yao wakiwa watoto. Machi 2021 wengine sita walikutwa wamekufa upande wa Ishasha, kusini mwa hifadhi. Sitaki kumnyooshea mtu kidole. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe ana uchungu wa kweli, na hata sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019, iliyoweka fidia kwa hasara kama hiyo, haimrudishii ndama wake asubuhi ileile. Nasema tu kwamba simba 17 ni wengi, na watoto wetu walisikia habari zile wakizizungumza kama matokeo ya mpira.

Sasa kuhusu Entebbe. Kituo kile kilianza mwaka 1952 kama nyumba ya wanyama yatima, mwaka uleule hifadhi yetu ilipotangazwa kwa jina la Kazinga kabla ya kubadilishwa na kuitwa Queen Elizabeth. Baadaye kikawa zuu ya kawaida, watu wanalipa, wanatazama, wanaondoka. Tangu mwaka 1994 kikageuzwa kuwa kituo cha elimu na cha kuokoa wanyama. Wengi wa wanyama walioko kule hawakukamatwa porini ili waonyeshwe. Ni yatima, au wamekatwa na mitego, au wamenyang'anywa watu waliokuwa wakiwasafirisha ndani ya magunia na maboksi.

Na wengine ni wa kwetu. Kuna mtoto wa tembo aliyeokolewa upande wa Hamukungu akapelekwa kulelewa Entebbe, na walezi wakampa jina la kijiji hicho. Mtoto wa tembo hunyonya miaka miwili na zaidi, kwa hiyo asiye na mama anahitaji binadamu wa kumpa maziwa mchana na usiku, siku zote hizo, na wa kukaa naye, kwa sababu upweke peke yake unaweza kumwua. Kulikuwa pia na Zakayo, sokwe mtu mzee aliyejulikana Uganda nzima. Alitokea upande wa Semliki, nyuma ya milima yetu hii ya Rwenzori, akaishi Entebbe tangu mwaka 1976 mpaka alipofariki Aprili 2018 akiwa na miaka 54.

Hesabuni wenyewe miaka hiyo, kwa maana hapa ndipo watu wengi hawajapata kufikiri. Ili mtu amchukue mtoto wa sokwe akiwa hai, kwanza humwua mama, na mara nyingi huwaua na wengine wa familia wanaokuja kumtetea. Biashara inamalizika kwa siku moja, kwa pesa kidogo. Lakini yule mtoto anaweza kuishi miaka hamsini, na porini hawezi kurudi, kwa sababu hakufundishwa na mama yake ale nini, alale wapi, amkimbie nani, na sokwe wa kundi jingine wanaweza kumwua wakimkuta. Kwa miaka hamsini mtu mwingine atamlisha asubuhi, mchana na jioni. Mtu huyo analipwa mshahara na kituo ambacho pesa zake hazitoshi. Ninapoomba milioni 1 na nusu ya chakula cha wanyama, naomba tushike kona ndogo ya mzigo ule.

Kasuku wa kijivu ni habari nyingine inayotuhusu sisi wa mpakani. Wanakamatwa kwenye misitu ya Kongo na kuvushwa kwetu. Mwaka 2022 zaidi ya mia moja walikamatwa huko Kisoro wakiwa wamebanwa pamoja, na biashara ya kimataifa ya ndege hao waliotoka porini imepigwa marufuku tangu mwaka 2017. Ndege huyu hupendwa kwa sababu anaiga sauti zetu. Anaiga kwa sababu porini anaishi katika kundi kubwa na lazima aongee na mtu. Akifungiwa peke yake barazani anaongea na sisi, si kwa kutuchagua, bali kwa kuwa hana mwingine. Akizidiwa na upweke hujinyonyoa manyoya kwa mdomo wake mpaka kifua kibaki uchi. Nimewaona hivyo kwenye nyumba za watu wema kabisa, watu wanaompenda ndege wao na kumpa karanga kila siku.

Sitaki mtu aniambie kwamba ninawapeleka watoto kufurahia kifungo. Kifungo ni kifungo, hata kikiwa na miti na maji. Simba wa porini hutembea eneo kubwa usiku mmoja, na simba wa bandani anazunguka ukingo uleule wa uzio, akienda na kurudi kwenye njia aliyoichimba kwa nyayo zake. Nataka watoto waione njia ile. Nataka wamuulize mlezi kwa nini anazunguka hivyo, na mlezi awaeleze jinsi wanavyomfichia nyama mahali tofauti ili ajishughulishe, na jinsi ambavyo hata hivyo haitoshi. Mtoto akiona hayo atajua kwamba bandani si mahali pa mnyama, na kwamba aliyemfikisha pale mara nyingi ni binadamu.

Siku ya pili, Ziwa Victoria likiwa tulivu na pesa zikitosha, tungependa wavuke kwenda kisiwa cha Ngamba, ambako sokwe yatima wanatunzwa tangu mwaka 1998. Baadhi ya sokwe wa kwanza walitolewa kisiwa cha Isinga, ndani ya hifadhi yetu hii hii. Wazee wengine hapa bado wanakumbuka. Pale Ngamba sokwe hushinda msituni na jioni hurudi wenyewe kula na kulala. Maji ndiyo uzio wao, maana sokwe hawajui kuogelea. Msitu wa kisiwa ni mdogo mno kuwashibisha, ndiyo maana wanaletewa matunda na mboga kila siku, na majike hupewa dawa za kuzuia mimba ili wasizidi uwezo wa kisiwa. Ni mambo magumu kumweleza mtoto wa miaka kumi na mbili, lakini atayaelewa, kwa sababu nyumbani anajua maana ya chakula kutotosha watu.

Kuna mnyama mmoja wa porini ambaye nitawasimulia watoto tukiwa njiani. Ni simba wa hapa, anaitwa Jacob. Mguu wake mmoja wa nyuma aliupoteza mtegoni. Mwaka 2024 watafiti walitoa picha zake akiogelea usiku na ndugu yake katika mkondo wa Kazinga, zaidi ya kilomita moja ya maji yenye mamba na viboko, na miguu yake mitatu. Wanasema huenda walikuwa wakitafuta majike, kwa kuwa majike upande huu yamepungua. Mtego uliomkata mguu uliwekwa na mtu. Huenda ulitegewa swala au nguruwe wa mwitu kwa ajili ya kitoweo, simba akaupitia tu. Watoto wetu wengine wanajua mitego ile inavyotengenezwa, na wanajua wapi ipo. Sitawauliza majina ya watu. Nitawaonyesha Entebbe wanyama walionusurika nayo.

Matayarisho yamekwisha kuanza. Kila Ijumaa baada ya masomo klabu yetu ya wanyamapori inakutana, na somo la sasa ni adabu ya mgeni: kutopiga kelele, kutogonga uzio, kutorusha ndizi wala biskuti, kutoacha kavera, yaani mfuko wa plastiki, ambayo mnyama anaweza kuimeza. Mtoto mwenye mafua hatakaribia sokwe, kwa sababu mafua yetu huwaua. Yote haya tunayafundisha kwa Kiswahili, lugha inayowaunganisha Wakonzo, Wasongora, Wanyankole na wenzetu waliotoka Kongo katika darasa moja, na watoto wataandika taarifa zao kwa Kiswahili wakirudi na kuwasomea wazazi wao.

Hesabu yetu ni hii. Basi la kwenda na kurudi, safari ya zaidi ya kilomita 300 kila upande, ni milioni 3 na laki 6. Chakula na malazi ya watoto, walimu wanne na wazazi wanne ni milioni 2 na laki 3. Viingilio na wakufunzi ni laki 7. Dawa na dharura laki 5. Chakula cha wanyama, kama nilivyosema, milioni 1 na laki 5. Boti ya Ngamba haimo katika hesabu hii. Ikiwa tutavuka lengo, ndiyo ya kwanza, na tusipovuka tutabaki kituoni siku zote mbili.

Kila familia yenye mtoto katika safari inaombwa shilingi elfu 20. Familia isiyoweza itamwona mwalimu mkuu kwa faragha, na mtoto wake atakwenda kama wengine. Hatutamwacha mtoto yeyote wa madarasa hayo mawili, na wasichana hawataachwa nyumbani kuchota maji kwa siku hizo. Hilo tumeliandika kwenye kumbukumbu za kamati.

Na kwa yule baba wa mihogo, na wote wenye mashamba mpakani: kamati imekubali pia kuandika barua kwa wakuu wa hifadhi kuhusu kuchimbua upya mitaro ya kuzuia tembo, na kuhusu ile asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi ambayo kisheria ni ya jamii zinazopakana nayo. Barua itasomwa siku ya harambee, mtu aongeze au arekebishe. Hatuwezi kuwataka watoto wawahurumie wanyama huku wakubwa wakinyamaza kuhusu njaa ya nyumbani.

Harambee itafanyika uwanja wa shule, Jumamosi ya kwanza baada ya kufunga muhula, kuanzia saa nne asubuhi. Mweka hazina wa kamati atapokea fedha taslimu na za simu, na kila mtoaji atapewa risiti siku hiyohiyo, hata aliyetoa elfu moja. Walioko mbali watume kupitia jamaa zao hapa, jina la mtoaji liandikwe. Orodha ya michango na ya matumizi itabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya shule, na kusomwa msikitini na kanisani wiki itakayofuata safari.

Asiye na pesa alete alicho nacho. Jogoo, mbuzi, mkungu wa matoke, samaki waliokaushwa, fungu la chumvi ya Katwe, mkeka, vyote vitapigwa mnada saa nane mchana baada ya sala ya adhuhuri. Vijana wa boda boda wamejitolea kubeba vitu bure kutoka vijijini tangu saa moja asubuhi. Mwenye mzigo amwambie mwenyekiti wa kijiji chake kabla ya Ijumaa jioni.