Barua ya wazi kwa Waziri wa Turathi na Utalii wa Oman: Milima ya Hajar ihifadhiwe pamoja na maji yake

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumbani kwa raia wengi wa nchi hii ambao wazee wao walitoka Rustaq, Nizwa na Ibra wakahamia Unguja, Pemba na Mombasa, na ambao wengine walirejea baada ya mwaka 1970. Ninachokuomba ni kwamba Milima ya Hajar itazamwe kuwa turathi moja, yaani mwamba wake, maji yake na kazi ya mikono ya watu wake, isiwe ngome zinalindwa na wizara moja huku maji yaliyozifanya zijengwe yakiachiwa wizara nyingine.

Safu hii, yenye urefu wa takriban kilomita 700 kutoka Musandam hadi upande wa Ras al-Hadd, kwa sehemu kubwa ni sakafu ya bahari. Ilizaliwa chini ya maji kiasi cha miaka milioni 95 iliyopita na, badala ya kuzama ndani ya dunia kama ilivyo kawaida, ikapandishwa juu ya ukingo wa Bara Arabu pamoja na peridotaiti, mwamba ambao kwingineko umefukiwa kilomita kadhaa chini ya sakafu ya bahari. Katika Wadi Jizzi, nyuma ya Sohar, lava iliyomiminika baharini na kugandishwa ghafla na baridi ya maji ingalipo bondeni, imerundikana kama mito ya kulalia, kila bonge na ganda lake jembamba lililotangulia kuganda. Wanajiolojia huja kutoka mabara mengine kuiona, ilhali wengi wetu tunaipita kwa gari bila hata kupunguza mwendo.

Maji ya moto yaliyopenya katika lava hiyo ndiyo yaliyoacha shaba, na shaba ndiyo iliyoleta biashara na Mesopotamia katika milenia ya 3 kabla ya Kristo, ambako maandishi ya kale yanaitaja nchi ya Magan, ambayo wataalamu wengi wanaamini ni hii yetu. Makaburi ya mawe ya Bat, Al-Khutm na Al-Ayn, yaliyoingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1988, ni ya zama hizo. Kwa hiyo anayeyaeleza makaburi hayo bila kuitaja miamba ameacha nusu ya habari.

Falaji nazo, yaani mifereji ya kale ya kuleta maji mashambani na vijijini, ni vivyo hivyo. Mvua chache zinazonyesha Jabal Akhdar, sehemu ya safu hii, hupenya katika nyufa za mawe ya chokaa, na falaji ya aina ya daudi huanzia kwenye kisima mama, yaani kisima cha chanzo kinachofikia maji ya ardhini, karibu na mlima, ikapita chini ya ardhi kwa mteremko mdogo mno hadi mashambani. Katika vijiji kadhaa zamu ya maji ilipimwa mchana kwa kivuli cha kijiti kinachotambaa juu ya mawe yaliyopangwa, na usiku kwa nyota. Imamu Saif bin Sultan, mtawala wa Oman aliyeiteka Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698, amezikwa Rustaq. Pwani ya Afrika Mashariki tunamkumbuka kwa mizinga, lakini huku Oman anakumbukwa kwa falaji na mitende, na kwa maoni yangu kumbukumbu ya huku ndiyo yenye uzito zaidi.

UNESCO ilipoziorodhesha falaji tano mwaka 2006, ikisema kuwa 3,000 hivi bado zinatumika, ilieleza wazi kwamba zinatishiwa na kushuka kwa maji ya ardhini. Ukarabati wa kuta hautoshi, Mheshimiwa, ikiwa pampu zinanyonya maji juu ya kisima mama.

Sasa mlima unapewa kazi mpya. Mwaka 2008 wanasayansi Peter Kelemen na Jürg Matter walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba peridotaiti ya hapa humeza hewa ya ukaa yenyewe na kuigeuza jiwe, na majaribio ya kuharakisha jambo hilo kwa kuyeyusha hewa hiyo majini na kuisukuma ndani ya mwamba yameshaanza. Sipingi, huenda ikawa ndiyo faida kubwa kuliko shaba. Ila naomba wizara yako iwe na sauti kabla ya kila kibali cha kuchimba kutolewa karibu na falaji, mawakili wa falaji, yaani wasimamizi wake, wasikilizwe mapema, na ijulikane hadharani maji yatakayotumika yanatoka wapi.

Naomba pia mabango ya Bat, ya Wadi Jizzi na ya Falaji Daris, mojawapo ya zile tano, yaeleze jiwe na mtu kwa pamoja, na lugha mojawapo iwe Kiswahili.

Wako kwa heshima,
Mkaazi wa Muscat