Pingili za mubirizi zinakuja

Kamachumu, Muleba
Mwishoni mwa Februari

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima, kahawa imebeba vizuri, na mawingu yameanza kujikusanya upande wa ziwani. Ujumbe wako niliupata, na nilifurahi mno kusikia kwamba mama anaulizia mubirizi, ule mti wetu wa majani machungu. Mtu aliyekulia Kagera akihamia Pwani atazoea joto, atazoea mboga ya nazi, lakini siku tumbo likimsokota atatafuta mubirizi tu. Nimeona nikuandikie kirefu kuliko kukujibu kwa simu, maana mambo ya kupanda unataka uyasome tena ukiwa palepale kwenye udongo.

Kabla ya yote, ule mche wa jirani wenye maua ya njano usiupande kwa jina la mubirizi. Kwa jinsi ulivyonieleza, hiyo ni alizeti pori. Nayo ni chungu, na watu huinywa kwa ajili ya tumbo, ndiyo maana wengi huchanganya, lakini ni mmea mwingine kabisa. Alizeti pori jani lake limegawanyika kama vidole na ua lake ni kubwa. Jani la mubirizi halina migawanyiko: ni refu, pana katikati, limechongoka mbele, na pembeni lina meno madogo. Shina likikomaa gome lake huwa la kijivu na linakwaruza. Maua ni madogo, meupe, yanakaa kwa mafungu kwenye ncha za matawi, na yakichanua nyuki hawabanduki. Ukitaka hakika zaidi, mpe mama jani atafune. Yeye hatakosea.

Wenyeji wa huko Pwani ukiwaulizia mtukutu wanaweza kukuelewa. Kijana wako akitaka kusoma habari zake, mwambie atafute Vernonia amygdalina, jina la kitaalamu la tangu karne ya 19. Wataalamu wa siku hizi wameuhamishia Gymnanthemum amygdalinum, lakini mti ni uleule.

Sasa kuhusu mbegu. Uliniomba nikutumie mbegu nami nakutumia pingili, na nina sababu. Mbegu za mubirizi ni ndogo na nyepesi, kila moja ina kishungi cha nywele, zikikomaa upepo unazibeba. Nyingi huwa ni tupu, na zile zinazoota huchelewa sana kufikia kimo cha kuchumwa. Tena mche wa mbegu si lazima ufanane na mama yake: mmoja utatoka mchungu sana, mwingine wa kadiri. Pingili ni kipande cha mti ule ule, kwa hiyo uchungu utakaoupata Kibaha ndio huu huu wa hapa kwetu. Nami nimekuchagulia kutoka kwenye ua wa nyuma ya jiko, ambao mama mwenyewe anaujua. Ndio aliokuwa akichuma kila akija kututembelea.

Nitazikata asubuhi na mapema, siku hiyohiyo ya kuondoka basi. Nachukua matawi yaliyokomaa lakini hayajazeeka, unene wa kidole gumba, yaliyokwisha kuacha ukijani na kuanza kuwa ya kijivu. Tawi changa la kijani linaoza ardhini, na tawi kongwe linachelewa kuchipua. Kila pingili itakuwa na urefu wa sentimita 25 hadi 30 na macho yasiyopungua manne. Matawi yenye maua siyagusi, nguvu yake imekwisha kwenda kwenye maua. Majani yote nitayaondoa ili pingili zisinyauke njiani, kisha nitazifunga kwa magome ya mgomba yaliyoloweshwa, na juu yake gunia. Zikifungwa hivyo zinastahimili safari hata siku chache zaidi.

Kitu kimoja ukiangalie kwa makini ukifungua mzigo. Upande wa chini wa kila pingili nitaukata mshazari, upande wa juu nitaukata sawa. Uliochongoka ndio unaoingia ardhini. Pingili ikikaa kichwa chini haitakupa mti wa maana, na zikishavuliwa majani ni vigumu kuzitambua kwa macho. Ukiwa na shaka angalia jicho lenyewe: huwa liko juu kidogo ya kovu la jani lililotoka, kwa hiyo kovu liwe chini na jicho juu.

Ukizipokea usiziache juani hata nusu saa. Kama huna nafasi siku hiyo, zisimamishe kivulini kwenye ndoo yenye maji ya vidole viwili, upande wa mshazari chini. Ningependa uanzie kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, badala ya kuchomeka moja kwa moja shambani. Huku kwetu tunachomeka tu kando ya kibanja, shamba la nyumbani, na zinashika, kwa sababu udongo unashika unyevu na mvua haitupi mgongo kwa muda mrefu. Mchanga wa huko unapitisha maji upesi, na jua lake si la mchezo. Changanya huo mchanga wako na samadi iliyooza vizuri na udongo mweusi wa chini ya miti. Samadi mbichi usiitie, itaunguza mizizi kabla haijatoka. Hakikisha kiriba kina matundu chini.

Chomeka pingili ikiwa imelala kidogo, macho mawili yakiwa ndani ya udongo na mengine juu. Ikilala hivyo machipukizi hutoka mengi kuliko ikisimama wima, na wewe unataka kichaka chenye majani, si nguzo. Kandamiza udongo kwa vidole pande zote hadi usikie pingili imekamatwa. Viriba vikae chini ya mwembe au kichanja cha makuti. Maji kila ukiona uso wa udongo umekauka, lakini yasituame.

Baada ya wiki mbili au tatu utaona macho yanafura na vijani vidogo vinatokeza. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Vijani vya kwanza vinatoka kwa akiba iliyomo ndani ya shina, mizizi bado. Mtu anafurahi, anahamisha, na wiki inayofuata kila kitu kimenyauka. Nakusihi usivute pingili kuangalia kama imeshika, maana kamzizi ka siku chache kanakatika hata ukigusa kwa upole. Subiri hadi uone mizizi inachungulia kwenye matundu ya kiriba. Kwa kawaida ni kama miezi miwili. Ndiyo sababu nataka uzichomeke sasa: miche iwe tayari wakati masika bado hayajaisha, ishike ardhi kabla ya kiangazi cha Juni. Ukichelewa, itunze kwenye viriba hadi vuli, hakuna haja ya kulazimisha.

Mahali pa kupandia chagua karibu na jiko au bafu, maji ya kuogea yatakusaidia kiangazi. Kama unataka uzio, acha hatua moja kati ya mche na mche. Kama unataka vichaka vinavyojitegemea, acha mita mbili. Adui wako mkubwa huko atakuwa mchwa. Matandazo ya nyasi ni mazuri kwa kutunza unyevu, lakini yaache mbali na shina kiasi cha kiganja, la sivyo unawakaribisha. Mbuzi wa jirani nao wazuiwe au miche izungushiwe miiba, maana uchungu hauwazuii hata kidogo.

Mti ukifika kifuani, kata ncha. Ukiuacha utapanda mita tano na zaidi, na mama hatafikia majani. Ukikata ncha unatoa matawi ya pembeni, na kila ukichuma unazidi kuchipua. Chuma majani yaliyokomaa ya chini na katikati, mengine uyaache yalishe mti. Ukiona mafungu ya maua na wewe unataka majani, yakate. Mimi huacha kichaka kimoja kichanue kwa ajili ya nyuki wangu.

Kuhusu matumizi mama anajua kuliko mimi, lakini kuna jambo nataka ulijue, kwa sababu linanifurahisha kila nikilikumbuka. Katika milima ya Mahale, kusini mwa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman alikuwa porini na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua misitu ile na dawa zake. Wakamwona sokwe jike aliyeitwa Chausiku, mgonjwa, amelala wakati wenzake wanakula. Akavuta tawi la mti huu huu, akamenya gome kwa meno, akatafuna kiini cha ndani, akafyonza maji yake na kutema makapi. Majani hakuyala. Kesho yake alikuwa amechangamka. Ni Mzee Kalunde aliyemwambia mgeni wake kwamba hiyo ni dawa, Watongwe wanaitumia. Baadaye uchunguzi wa kinyesi cha sokwe ulionyesha kwamba wakishatafuna kiini hicho mayai ya minyoo ya tumboni hupungua. Napenda sana kwamba elimu hiyo ilianzia kinywani mwa mzee wa kwetu.

Hata hivyo naomba tuelewane kuhusu homa. Najua mama ataamini chai ya mubirizi inamaliza malaria, na amelelewa hivyo. Uganda waliwahi kuwapa wagonjwa wa malaria isiyo kali chai ya majani haya chini ya uangalizi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Wengi walipata nafuu, lakini vimelea viliisha damuni kwa wachache tu, na kwa wengi wa hao wachache vikarudi. Kwa hiyo mjukuu akichemka, apelekwe zahanati apimwe, na akikutwa navyo anywe dawa mseto hadi dozi iishe. Mubirizi haupaswi kumchelewesha mtoto hata usiku mmoja. Hilo kwangu halina mjadala, na unaweza kumwambia mama kwamba nimelisema mimi.

Vilevile uliniambia mama anameza vidonge vya sukari. Majani haya nayo yameonekana kushusha sukari katika majaribio ya wanyama. Asichanganye bila kumwambia daktari wake, maana sukari ikishuka kupita kiasi ni hatari ya haraka. Na binti yako akiwa bado ana mimba, asinywe kabisa.

Lakini kama mboga, usiogope kujaribu. Nigeria na Kamerun wanaula mti huu mara kwa mara: majani yanachemshwa, yanasuguliwa na kukamuliwa kwa maji mara kadhaa hadi uchungu upungue, ndipo yanaungwa, Kamerun kwa karanga nyingi. Mimi huyapika na karanga na dagaa, na watoto wanakula bila kununa. Ukitia na nazi yako ya Pwani uniambie ladha imekuwaje.

Mzigo utaondoka Bukoba Jumatano. Kondakta nitampa namba yako, uupokee stendi ya Kibaha badala ya kuuacha ufike Dar. Nitaongeza pingili chache za akiba. Hazitashika zote, na zikishika zote mpe yule jirani wa alizeti pori. Wiki ya tatu nipigie picha za macho yakiwa yanafura, tuone kama kuna la kurekebisha kabla ya kuhamisha.

Msalimie mama sana, na shemeji, na watoto wote.

Ni mimi rafiki yako,
wa Kamachumu