Nguo za Idd zisilipwe kwa kangomba

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wakulima wenzangu wa korosho, hasa akina mama, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Wiki iliyopita jirani yangu alikuja jioni, akakaa mkekani, akazungumza ya huku na huku, mwisho akaniuliza kwa sauti ya chini kama namjua mtu anayetoa pesa za kangomba. Ana watoto watatu na Idd inakuja. Mikorosho yake haina hata ua moja saa hizi. Anataka kuuza kitu ambacho Mungu bado hajakileta. Sikumlaumu, maana njia hiyo nimeipita mwenyewe.

Kwa msomaji wa mbali: mnunuzi wa kangomba anakupa pesa wakati huna kitu, wewe unalipa korosho msimu ukifika, tena kwa kipimo chake. Kilo yake si kilo ya mzani. Anajaza mpaka kilima kinasimama juu ya chombo. Imepigwa marufuku, ndiyo maana inaulizwa kwa sauti ya chini.

Idd ya Juni 2018 nilichukua shilingi 120,000 kwa ahadi ya kilo 120. Baba watoto sikumwambia. Nilikwenda dukani mwezi ishirini na saba Ramadhani, siku ambayo kila mwenye duka anajua huna pa kukimbilia. Nikanunua magauni mawili yenye neti, kanzu na kofia ya mvulana, na viatu vinavyong'aa pea tatu. Wa nne alikuwa bado mgongoni. Furaha ilikuwapo, siwezi kusema uongo. Lakini kabla ya Idd ya kuchinja, mwezi Agosti, kiatu cha kulia cha mvulana kilikwishafunguka mdomo. Nikakitia gundi, kikafunguka. Nikakishona kwa uzi niliouchomoa kwenye kiroba, kikachanika pembeni ya mshono. Kiatu kikatupwa, na deni lake bado liko juu ya mti, korosho hazijaanza hata kudondoka.

Msimu ule nani asiyeukumbuka? Wakulima walikataa bei minadani, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kuwa Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Wakati huo mnunuzi wangu alikwishakuja na magunia yake, na ndipo baba watoto alipojua. Hakupiga kelele. Alichukua kipande cha mkaa akaandika nyuma ya mlango: 120 mara 3,300 ni 396,000. Mimi nimeziachia kwa 120,000, na zile za juu ya kilima hatukuzihesabu. Hesabu ile ilikaa pale mlangoni karibu mwaka mzima.

Korosho zilizobaki tulizipeleka chama cha msingi cha ushirika, uhakiki wa wakulima ukachukua muda, malipo yakachelewa. Januari ikatukuta binti yetu mkubwa amechaguliwa kidato cha kwanza. Ada ilikwishafutwa tangu 2016, lakini sare na madaftari ni vya mzazi. Alianza wiki ya tatu. Asubuhi moja nilimkuta amelikunja lile gauni lake la Idd, kalilaza mapajani, akaniuliza, "Mama, hakuna mtu anayeweza kulinunua hili?" Mpaka leo nikilikumbuka swali lile nakosa la kusema.

Idd iliyofuata tulikaa kikao, watoto wote wakiwapo. Baba watoto aliweka pesa mkekani, shilingi 85,000, akamwambia mkubwa azihesabu kwa sauti. Cha kwanza tukatoa fitri, sadaka ya chakula ya Idd. Sisi tuko sita, pishi moja kwa kila kichwa, kilo mbili na nusu hivi, jumla kama kilo kumi na tano. Fitri ni wajibu. Nguo mpya si wajibu. Tunafundishwa tuvae nguo nzuri kuliko zote tulizo nazo, na hapo neno "mpya" halimo. Binti wa pili alilia kidogo, akafuta machozi, akauliza kama kitambaa kinaweza kuwa cha njano. Tukanunua cha njano.

Siku hizi kitambaa tunakipeleka kwa fundi mwezi wa Shaabani, kabla foleni haijaanza. Viatu vya Idd ni vile vile vyeusi vya shule, tunavipiga rangi usiku wa kuamkia sikukuu. Mchele tunaununua wakati wa mavuno. Nyumba nne tunachinja mbuzi mmoja, na watoto hawajawahi kuniuliza nyama ya pilau imetoka mbuzi wa nani.

Wako wanaosema shida hii itaisha yenyewe. Ni kweli Idd inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka: mwaka 2018 ilikuwa Juni, mwaka 2025 ikawa mwisho wa Machi, na huko mbele itakutana na minada ya korosho. Mimi nasema hapo ndipo pa kuogopa zaidi. Pesa ya mnada ina kazi zake: shule Januari, palizi, chakula cha masika, dawa ya salfa mikorosho ikianza kuchipua. Desemba kuna jando na unyago, na huku kwetu Umakondeni mjomba hawezi kukaa pembeni. Shoga yangu wa Masasi ni Mkristo, Krismasi yake kila mwaka inakuja pesa ya korosho ikiwa bado ya moto, na Januari yake haina tofauti na yangu. Alinunua sofa Desemba, Februari akawa anatafuta pa kukopa.

Nanyi akina baba, msituachie aibu hii peke yetu. Mtoto akitaka nguo hamlilii baba, anamlilia mama, na mama akikosa jibu ndipo anapokwenda kwa mtu wa kangomba kwa siri. Mwambieni mtoto kiasi kilichopo. Mtoto wa miaka saba anaelewa elfu kumi ni ngapi, anatumwa dukani kila siku.

Jirani yangu nilimwambia namba ya yule mtu ninayo ila sitampa. Tukagombana kidogo. Kesho yake alirudi, akaingia kwenye mbuzi wetu kama nyumba ya tano. Akaleta na gauni la binti yake la mwaka jana, tukafumua pindo mlangoni kwenye mwanga. Fundi alikuwa amekunja kitambaa upana wa vidole vinne, na rangi yake kwa ndani bado ni ile ya dukani. Ameshalipeleka likashonwe upya.

Mkulima na mama wa watoto wanne,
Kitangari, Newala, Mtwara