Kwa wifi yangu, aliyeuliza watoto tulimwachia nani

Wifi,

Assalaam alaykum. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili: mara ya kwanza nimesimama jikoni, mara ya pili nimekaa, maana ulikuwa mrefu na ulikuwa na haki yake. Ukiondoa maneno ya pembeni, ulichosema ni kwamba mume na mke wenye akili zao hawapandi ndege kwenda Muscat, Oman, kutembea huku watoto wamebwagwa kwa bibi yao Tanga. Ukauliza na huu uzungu nimeutoa wapi. Ukamalizia na lile la kwamba siku zote zile hata simu hatukupiga.

Nakujibu hapa mbele za watu, jina lako nimelihifadhi, kwa kuwa hukuuliza peke yako. Jirani kauliza. Ustadhi wa madrasa kauliza, kwa heshima zake. Dada wa saluni kauliza akiwa ameshika nywele zangu, sina pa kukimbilia.

Nianze na simu, kwa sababu naona ndiyo iliyokuuma zaidi. Oman wana masharti yao kuhusu simu zinazopitia intaneti. Ujumbe wa WhatsApp unakwenda, picha zinakwenda, sauti za kurekodi zinakwenda, lakini tukipiga simu yenyewe haipiti. Na ukipiga kwa laini ya nyumbani ukiwa kule, salio linakwisha hujamaliza salamu. Basi kila baada ya magharibi tulirekodi sauti, mama akawawekea watoto, nao wakajibu. Mdogo aliimba. Wa kati alishtaki kwamba mdogo kala embe lake. Yule mkubwa alisema bibi kapika bada na samaki wa nazi, halafu akauliza, bila haya, kama hatuwezi kuongeza siku. Huyo ndiye uliyemwita yatima.

Sasa la uzungu. Kaka yako aliponioa tulikaa ndani siku saba za fungate. Wewe ndiye uliyekuwa ukituletea uji asubuhi, unagonga mlango kwa kijiko na kwenda kucheka barazani. Hakuna aliyeona ajabu. Wazee waliona watu wawili hawawezi kujuana mpaka waachwe peke yao, wakatafuta na watu wa kuwapikia. Hebu basi nitajie siku nyingine, baada ya zile saba, ambayo mimi na yeye tumewahi kuachwa wawili. Nyumba yetu unaijua. Kuna watoto, kuna binti wa kazi, kuna kijana wa mjomba wenu anayesoma chuo, kuna wageni wa kutoka nyumbani waliokuja kutibiwa Muhimbili, na wote wanakaribishwa. Mimi na kaka yako tunaongea getini, gari linaunguruma: ada imelipwa? Gesi imebaki? Viatu vya shule bado vinamtosha? Kuhusu mambo ya nyumba hatuna neno. Lakini ungeniuliza mwaka jana mume wangu anawaza nini, ningekujibu kwa kubahatisha.

Pesa, kwa sababu najua swali lipo hata kama hukulisema: ni mgao wangu tulipovunja kikoba. Ada haikuguswa.

Na kwa nini Muscat, si Zanzibar ambako ni boti tu? Kwa sababu Zanzibar tuna ndugu. Tungeshuka bandarini tukakuta pilau imeiva na vitanda vimetandikwa, wanaume chumba kile, wanawake chumba hiki. Sikukuu ya Uhuru, 9 Desemba 2024, iliangukia Jumatatu, shule zimefungwa, tukaomba ruhusa kazini ya Ijumaa. Kutoka Dar kwa ndege ya moja kwa moja ni saa tano na ushei, na saa zao zimetutangulia kwa saa moja tu, kwa hiyo mwili hausumbuki. Desemba ndiyo msimu wenyewe, mchana ni kama nyuzi 25. Ukienda Juni utakuta zaidi ya 40, na hapo hamtembei popote, mtashinda hotelini na kiyoyozi.

Mji wenyewe umebanwa kati ya bahari na milima ya mawe matupu, basi umejinyoosha kufuata pwani. Nyumba ni nyeupe na fupi. Maghorofa kama ya Posta hutayaona. Kutoka mtaa mmoja hadi mwingine ni gari. Tulikodi la kwetu, na hapo ndipo tulipogombana, maana kule wanaendesha kulia. Kaka yako aliingia kipilefti cha kwanza kwa mazoea ya Dar, nikapiga kelele, akasema kelele zangu ndizo zinazomchanganya, nikasema basi nanyamaza, na nikanyamaza kweli mpaka hotelini. Usidhani tulikuwa peponi.

Mwisho wa wiki wao ni Ijumaa na Jumamosi, na Ijumaa asubuhi maduka mengi yamefungwa. Tulisali Ijumaa Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, yeye ukumbi wake, mimi wangu. Kesho yake asubuhi tukarudi kuutazama kwa utulivu. Saa za asubuhi, isipokuwa Ijumaa, wanaingiza hata wasio Waislamu. Ukumbi mkubwa una zulia moja tu, mita 70 kwa 60, lililofumwa kwa mikono na wanawake wa Iran kwa miaka minne. Mimi niliwaza migongo ya wanawake wale. Kaka yako alitazama juu, kwenye taa yenye urefu wa mita 14, akaninong'oneza: balbu ikiungua nani anapanda? Nilicheka mpaka mlinzi akanigeukia. Sikumbuki mara ya mwisho kaka yako kunichekesha ilikuwa lini.

Jumamosi jioni tukaenda soko la Mutrah. Ukiingia tu unakutana na moshi wa ubani wa Dhofar, kisha udi, kisha fedha na vitambaa, vichochoro vimefunikwa juu, na wanaume wa Kioman wamevaa kofia za viua zilezile za kwetu. Tukasimama kwenye duka la fedha tukishindana kwa sauti ya chini juu ya bangili. Rial ya Oman inadanganya masikio: moja ina baisa 1,000, na thamani yake imefungwa kwenye dola tangu 1986, dola mbili na senti 60 kwa rial moja. Unaambiwa kumi na tano ukaona rahisi, kumbe ni karibu shilingi laki moja. Kaka yako alitaka ninunue. Mimi nikamwambia, kwa Kiswahili, nikijua niko ugenini na siri yangu iko salama: "Nikitua na bangili hii mkononi, dada yako atanila nyama."

Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, bakora magotini. Akasema kwa Kiunguja kilichonyooka: "Basi mchukulie na yeye kitu, bibi, yaishe."

Wifi, tulitamani ardhi ipasuke. Muscat Kiswahili hakifichi kitu. Wapo wengi ambao wazazi wao waliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, na Sultan Qaboos alipochukua nchi 1970 akawaita Waomani waliotawanyika warudi kuijenga. Wakarudi na mandazi yao na lugha yao. Mzee alituagizia kahawa na halua, akauliza habari za Unguja, sisi watu wa Tanga tukajibu kwa kadiri tulivyojua, naye akaturekebisha majina ya mitaa ambayo ni wazi bado anaitembea kichwani. Ule ubani na chetezo ulivyoletewa na mama vilitokana na ushauri wake. Bangili ninayo. Mbele yako bado sijaivaa.

Haya yote ningeweza kukusimulia siku yoyote ile. Lililonifanya niandike ni la Jumapili.

Soko la samaki la Mutrah ni jengo jipya, lilifunguliwa 2017, liko hapo hapo ukingoni mwa maji. Tulikwenda mapema. Kuna jodari wakubwa kuliko mtoto wetu mdogo, kuna nguru, kolekole, ngisi. Kaka yako alipita meza baada ya meza kimya, mikono nyuma, halafu akasimama kwenye nguru. Akamwinua mmoja kichwa, akamfunua matamvua kwa kidole gumba, akatazama wekundu. Muuzaji akashika kisu akidhani biashara imekwisha. Kaka yako akatikisa kichwa, akamrudisha samaki taratibu, akaniambia, "Baba alinifundisha hivi. Pale Deep Sea, Tanga. Nilikuwa darasa la tatu."

Unajua vizuri kuliko mimi kwamba tangu arobaini ya baba ipite hajawahi kumtaja. Nyumbani likitajwa jina la baba, yeye anainuka kwenda kuangalia tangi la maji. Nilishajiambia ndivyo alivyoumbwa. Tukatoka nje tukakaa kwenye ukuta wa ufukweni, ngome ya Mutrah juu ya jabali, majahazi mbele yetu, akaanza kuongea. Aliongea mpaka jua likawa kali na kivuli chetu kikaisha. Jinsi baba alivyokuwa akimwamsha alfajiri kwenda kusubiri ngalawa. Jinsi alivyokuwa akinunua samaki wawili na kumwambia mama ni mmoja, wa pili anampelekea mjane wa mtaa wa nyuma. Jinsi siku ile yenyewe alivyokuwa kwenye kikao, simu kaizima, na alipoiwasha jambo la kwanza kuliona lilikuwa jina lako, umempigia mara nyingi, naye akajua kabla hajapokea. Hajawahi kukuomba radhi kwa kuizima simu ile. Anadhani wewe ulimkasirikia na umenyamaza tu.

Nilimwomba ruhusa kuliandika hili. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Andika. Mimi nikianza kumwambia nitaishia kuuliza habari za mvua."

Nikamuuliza mbona hukuniambia sisi tukiwa Dar, mwaka mzima? Akasema kila alipotaka kuanza kuna mtu anaita. Hakusema kwa kulaumu. Na ni kweli, tukiwa ndani ya ile nyumba hata mimi ninapomsikiliza sikio moja liko kwa watoto. Ukutani pale hakukuwa na wa kuita. Huo ndio uzungu wangu, wifi, wa kulipia nauli nipate asubuhi moja ya namna hiyo, na ningeilipia tena.

Mchana akarudi kuwa yule unayemjua, akaanza kunisomesha. Tulikwenda Muscat ya zamani kutazama ikulu ya Al Alam na ngome mbili zinazoikinga, Jalali na Mirani, ambazo Mreno alizijenga miaka ya 1580. Waomani wakamfukuza Muscat 1650, wakamfuata mpaka Mombasa, na 1698 wakamng'oa Fort Jesus. Aliyasema haya kwa fahari kama vile yeye alikuwemo jahazini. Nikamkumbusha kwamba majahazi yale hayakubeba halua na tende peke yake, yalibeba na watu wetu waliouzwa. Akasema anajua, na kwa hatua chache hakusomesha. Desemba kaskazi imeshaanza kuvuma; hata pale ukingoni tuliusikia mgongoni, upepo uleule uliokuwa ukiwaleta kwetu.

Usiku tulikula changu wa kuchoma. Kaka yako akatoa miba yote, kipande kwa kipande, akasukuma sahani upande wangu, ndipo akagundua hapakuwa na mtoto wa kulishwa. Nilikula zote. Jumatatu tukarudi.

Najua utasema sisi tuna uwezo na wewe huna nafasi. Nafasi nakupa mimi. Pasaka ni kuanzia Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu ya Pasaka, siku nne mfululizo. Watoto wako waje kwangu Alhamisi jioni. Magodoro yapo, binti wa kazi nimeshazungumza naye, na shangazi wa watu akipumzika hakuna atakayekufa kwa sababu kala wali maharage siku mbili mfululizo. Watoto watapigana siku ya kwanza, ya pili watasahau kama mna simu.

Muscat si lazima. Najua shemeji na ndege haziivi. Kutoka Tanga mnapanda basi asubuhi, mnavuka Horohoro, mchana mko Mombasa, na ni nchi ya watu vilevile. Kaeni Mji wa Kale au mvuke Likoni mkakae Diani, mtakavyoona. Jioni nendeni ufukwe wa Mama Ngina mkale mihogo ya kukaanga na pilipili mkitazama meli zinavyoingia bandarini. Msipange mambo mengi. Sisi tulipanga kutembelea majumba ya makumbusho, na mengi hatukuyafikia, na sijutii.

Ila angalieni pasipoti ya shemeji sasa hivi, siyo wiki ya Pasaka. Mara ya mwisho nilipoiona ilikuwa kwenye droo pamoja na risiti za umeme. Na mkifika Mombasa, yule binamu yenu wa Kisauni msimwambie mpaka mmerudi.

Wifi yako