Hiyo si hati ya Kiarabu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu namna watu wa dunia wanavyoandika niliipenda, hadi nilipofika kwenye picha ya karatasi kuukuu ya Lamu. Chini yake mmeandika "hati ya Kiarabu". Niliikuza kwenye simu nikaisoma. Ni barua, na ingawa herufi zake ni za Kiarabu, lugha yenyewe ni Kiswahili, tena Kiamu hasa, lahaja yetu ya Lamu: mstari wa pili anaomba aletewe mai, yaani maji.

Kosa hilo nalijua, limeshatutoa pesa. Tulikuwa na hati ya kiwanja cha familia huku Mkomani. Ofisi moja ikasema haipokei karatasi ya Kiarabu bila tafsiri, basi tukamtafuta mfasiri. Akaigeuzageuza, akasema Kiarabu chake kibovu, hakina mbele wala nyuma. Shangazi yangu, ambaye hajui alifu kwa kijiti, akamwambia, "Mwanangu, wewe nitamkie tu." Mfasiri akaanza: bi-bi-ya-ki-si-ma. Shangazi akacheka mpaka leso ikamwanguka. "Si bibi! Ni pembe! Pembe ya kisima!" Mpaka wa kiwanja ulianzia hapo.

Kiarabu hakina p wala mb, na wazee wengi waliitumia herufi moja, bee, kwa b, p na mb. Irabu zake fupi ni tatu, zetu ni tano, kwa hiyo kasra, alama ya irabu i, ikabeba i na e. Ndiyo maana "pembe" na "bibi" huweza kuandikwa sawasawa. Mwenye lugha yake hakupata taabu, maana aliyajua maneno kabla ya kuyaona. Baadaye wapo walioongeza nukta chini ya bee zikawa tatu ili wapate p, kama Waajemi.

Na hao Waajemi, mbona hamkusema wanaandika Kiarabu? Wenye Kiurdu je? Barua hii nimeiandika kwa herufi za Kirumi. Sidhani kama mtaichapa mkisema ni ya Kilatini.

Mmemsifu Mfalme Sejong wa Korea kwa herufi alizozitangaza mwaka 1446, na anastahili. Wahabeshi ndio ninaowaonea wivu: kila konsonanti yao ina maumbo saba kufuata irabu, i mbali na e mbali, hivyo pembe kwao isingegeuka bibi. Wavai wa Liberia mmewaruka kabisa, na herufi zao za silabi walibuniwa na mwenzao, Momolu Duwalu Bukele, katika miaka ya 1830. Lakini majirani zetu Wasomali walipochagua herufi za Kirumi mwaka 1972, lugha yao haikugeuka ya Kizungu. Ikabaki Kisomali. Mwana Kupona naye alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, alitumia herufi za chuoni, yaani hizi za Kiarabu, na kila mama wa huku aliyesomewa alielewa.

Naomba maelezo ya picha yasomeke: "barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu". Na aliyewapa picha hiyo aulizwe kama kipande cha chini anacho. Mmeikata pale mwandishi anapotaja jina la chombo kitakacholeta hayo mai, nami tangu juzi nakaa nikijiuliza kama kilifika.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu