Andazi langu lina mafuta, sawa, na huo mkate wa chokoleti je?

Mhariri salaam,

Mi nauza chai na maandazi asubuhi hapa Temeke, mwaka wa kumi na moja sasa, na barua hii naiandika kwa simu huku jiko linawaka kwahiyo herufi zikipishana mtanisamehe. Kuna mteja wangu mmoja, mwanawe yuko chekechea, kila siku alikuwa anachukua maandazi mawili ya kumfungia mtoto. Ghafla kaacha, anapita tu anasalimia. Siku ya nne nikamwita, mama Nasri mbona umenisusa? Akacheka kwa aibu, akasema dada usinielewe vibaya lakini maandazi yako yana mafuta mengi, siku hizi nampa ule mkate wa chokoleti wa kwenye pakiti, ule uliojikunja, wenyewe haukaangwi, unaokwa.

Haukaangwi! Neno hilo lilinikaa kooni mpaka jioni. Nikaenda dukani nikanunua mmoja.

Kwanza lebo. Stika ya bei wameibandika palepale juu ya viambato, nikaibandua kwa kucha taratibu kama nabandua plasta kwenye kidonda. Chini yake kuna Kiingereza, Kiarabu na lugha ya tatu ambayo mwanangu wa kidato cha nne kasema ni Kituruki. Kiswahili hakuna hata neno moja. Basi akawa ananisomea nami naandika kwenye daftari la madeni: nguvu kilokalori 132, mafuta gramu 8, katika hayo 8 yale mazito yanayoganda yakipoa ni gramu 4, sukari 5, protini 2. Nikasema mbona kidogo, huyu mama kanishinda. Mtoto akaniambia mama subiri, wameandika hiyo ni kwa gramu 30, pakiti nzima ni gramu 60.

Yaani wamehesabu nusu mkate. Hivi mhariri, we umeshaona mtoto wa miaka mitano anakula nusu ya mkate wa chokoleti halafu nusu nyingine anaikunja vizuri anaiweka kwa ajili ya kesho? Mi sijaona. Kwahiyo zidisha mara mbili: kilokalori 264, mafuta 16, mazito 8, sukari 10.

Hapa ndo nilipoona kwamba hata mimi nilikuwa najidanganya, maana nilijua kosa litakuwa kwenye sukari. Sukari gramu 10 ni vijiko vya chai viwili na nusu, siyo kidogo lakini siyo ya kupigia kelele peke yake. Uingereza wanasema mtoto wa miaka 4 mpaka 6 sukari ya kuongezwa isizidi gramu 19 kwa siku nzima, kwahiyo huo mkate unakula nusu ya kiwango na kitu, halafu mama huyohuyo anaweka na juisi ya boksi ambayo ukisoma lebo unakuta gramu 20 na ushee, hapo kiwango kimeshapita kabla hata ya saa nne. Lakini mzigo wenyewe ni mafuta. Gramu moja ya mafuta ni kilokalori 9, mara 16 unapata 144, yaani zaidi ya nusu ya nguvu ya mkate wote inatoka kwenye mafuta. Mkate usiokaangwa!

Na mtu wa jiko haimshangazi akitulia akafikiri. We unajua chapati ya kusokota inavyopata tabaka, unasukuma, unapaka mafuta, unasokota, unasukuma tena. Huo mkate ni hivyohivyo, mafuta ya kuganda yanakunjwa ndani ya donge mara kadhaa mpaka yanakuwa karatasi karatasi, likiingia kwenye oveni linafumuka. Wafaransa wanatumia siagi, huu wangu lebo inasema majarini ya mawese, na mawese karibu nusu yake ni yale mazito. Andazi langu mafuta unayaona kwenye karatasi, ya mkate wa pakiti yamefichwa kwenye mikunjo.

Na chokoleti yenyewe? Ujazo wa ndani wameandika ni asilimia 25, yaani gramu 15, na ndani ya huo ujazo cha kwanza sukari, cha pili mawese tena, poda ya kakao asilimia 8. Nikapiga hesabu nikapata gramu 1.2. Kama nusu kijiko cha chai! Na viambato vinapangwa kwa uzito, kinachotangulia ndo kingi, hivyo kakao kuja nyuma siyo bahati mbaya. Kakao tunalima wenyewe kule Kyela, inapanda meli inaenda, kisha tunarudishiwa sukari na mawese yaliyopakwa rangi ya kahawia tunaambiwa chokoleti. Hilo naliacha, nina hasira nalo siku nyingi.

Sasa haki bin haki, nami nikajipima. Mwanangu kaazima mizani ya dijitali kwa jirani anayeoka keki. Kilo moja ya unga natoa maandazi 30, sukari naweka gramu 150, kwahiyo kila andazi gramu 5. Mafuta nikayapima kabla ya kukaanga na baada ya kukaanga, yamepungua gramu 240, gawanya kwa 30 unapata 8 kila moja. Mama Nasri alikuwa anachukua mawili, jumla mafuta 16 na sukari 10. Sawasawa na mkate wake! Mwanangu alicheka mpaka akakaa chini.

Tofauti iko kwenye aina. Mi nakaangia alizeti, ambayo yale mazito ni kama sehemu moja ya kumi tu, kwahiyo maandazi mawili yana gramu 2 hivi wakati mkate una 8. Mtoto wa umri ule anatumia kama kilokalori 1,300 kwa siku, na Shirika la Afya Duniani linasema mafuta mazito yasizidi sehemu ya kumi ya nguvu yote, hiyo ni gramu 14. Mkate mmoja wa kifungua kinywa umeshakula zaidi ya nusu. Ila nisijisifu sana, Ijumaa naweka tui la nazi na tui nalo lina mafuta mazito, na wapo wenzangu wanaokaangia mafuta ya juzi na majuzi mpaka yamekuwa meusi kama oili ya gari, hao siwatetei.

Nilichotaka kusema kwa wanaohusika na viwango ni kidogo tu. Muandike kwa Kiswahili, na muandike kwa pakiti nzima kama inaliwa yote mara moja, siyo kwa nusu mkate. Stika ya bei ikae upande mwingine. Chile tangu 2016 wanaweka alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti kama sukari au mafuta mazito yamezidi, Meksiko wakafuata 2020, na alama hiyo hata asiyejua kusoma anaielewa.

Mama Nasri nilimwonyesha daftari juzi. Nikamiminia mafuta kijiko kikubwa kimoja kwenye glasi, nikaongeza kidogo, nikamwambia haya ndo yaliyomo kwenye mkate wako. Akaitazama ile glasi kwa muda, akaniuliza kwani na kwenye maandazi yako mawili? Nikamwambia hayohayo, ila ya alizeti. Kachukua moja, na ndizi mbivu mbili kwa jirani yangu wa matunda. Mi biashara imepungua nusu, lakini hesabu yake sikuweza kuipinga.

Mama Maandazi,
Temeke, Dar es Salaam